Miguu ya Ng'ombe Ndani ya Mashine

Shamba la mkonge lilipofungwa, wafanyakazi wa zamani waliitwa ghalani, kila mmoja akaambiwa achague kitu kimoja aondoke nacho. Wenye akili, kwa hesabu ya mama, walichagua mabati. Mmoja alichukua baiskeli ya msimamizi, mwingine milango na fremu zake. Baba alichagua mashine ya kuchapa.

Ilikuwa chuma kitupu, nyeusi, ya kumfikia baba kifuani, yenye gurudumu kubwa ubavuni na pedeli ya kukanyaga kwa mguu. Miaka yote ninayoikumbuka baba alikuwa akiitumia kuchapa vibandiko vya marobota ya mkonge na kadi za kazi za vibarua. Herufi zake zilikuwa za madini ya risasi, moja moja, zimelala kwenye visanduku vya mbao. Unazipanga kwa mkono, unazibana ndani ya fremu ya chuma, rola zinapita juu yake zikizipaka wino, kisha bamba linakuja na karatasi na kuikandamiza. Basi, hiyo ndiyo kazi yote. Lakini kwa jinsi baba alivyokuwa akiisimulia, ungedhani anaposa mke wa pili.

Mama hakucheka. Nyumba yetu pale Kilosa ilikuwa imeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na kutu ilikuwa imekula sehemu kubwa kuliko iliyobaki. Kila masika mama alitandaza turubai kuukuu juu ya kitanda chake, akalala chini ya turubai hilo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba safari hii analala pakavu. Halafu mume wake akarudi kutoka ghalani akiwa amejipaka grisi mpaka kwenye nyusi, anatabasamu, na bati hata moja hana.

Nimtetee baba kidogo. Biashara zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tulikuwa tunatembea madukani tukishangaa sabuni za rangi zimepangwa mpaka darini, na hakuna anayekuuliza unataka ngapi. Kila mwenye ujasiri kidogo alikuwa amefungua kitu: huyu saluni, yule mashine ya kukoboa mpunga, mwingine banda la kuonyeshea video. Wote hao walitaka risiti zenye jina la duka juu, na tiketi, na kadi za michango, na kwa hayo yote ilibidi waende Morogoro. Baba alikuwa ameona pengo, na pengo lilikuwepo kweli.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa sharti moja. Masika yakianza na mashine bado ni pambo, yule mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na lori ataichukua, na yeye ataezeka nyumba. Baba akakubali. Alikubali upesi mno.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kwenda popote, kwa hiyo nikawa fundi msaidizi bila kuulizwa. Sikunung'unika, ingawa kunung'unika nakuweza. Tangu shamba lifungwe, baba alikuwa akiamka asubuhi, anavaa ovaroli lake, anafunga kamba za viatu vizuri, kisha anakaa kwenye benchi la mlangoni kwa sababu hakuna pa kwenda. Nilikuwa nikimwona pale naumia. Kama mashine ile ndiyo ingemwinua kwenye benchi, basi mimi nilikuwa upande wa mashine, na mama anisamehe.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuifikisha nyumbani, na hapo ndipo anapoingia mtani wetu. Huyu alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyeshuka kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake na familia yake akajenga upande wa Chanzuru. Sisi ni Wangoni. Babu yangu aliletwa kukata mkonge akazikwa hapo hapo. Wangoni na Wasukuma ni watani, na mtani ana ruhusa ambazo hata ndugu wa tumbo moja hana. Akikuta chakula chako anakula. Akikipenda kitu chako anabeba. Akikutukana, unacheka na kumrudishia. Ukikasirika, hapo ndipo umeharibu, na watu watakushangaa wewe, siyo yeye.

Yeye na baba walikuwa wakiitana mateka. Kila mmoja alidai babu zake ndio waliowakamata babu wa mwenzake vitani, na katika mabishano hayo walikuwa wamekuwa marafiki sana.

Mtani alikuja shambani na mkokoteni wake na maksai wanne. Mashine ilipakiwa kwa magogo na kamba na kelele nyingi, na njia nzima mpaka Kilosa aliwaomba maksai radhi kwa sauti, akiwaeleza kwamba mzigo huu ulipaswa kubebwa na Mngoni mwenyewe kichwani, ila siku hizi mateka wamedekezwa. Watu walitoka majumbani kutazama. Baba alitembea nyuma ya mkokoteni ameshika gurudumu kana kwamba anamsindikiza mgonjwa.

Ujira alioutaka ni kadi. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa, harusi ya kanisani, kabla ya masika, na yeye hakutaka kadi za kuandikwa kwa kalamu. Zikitoka safi atamsifu baba mbele ya wageni wote. Zikitoka chafu atasimama hapo hapo awaambie zimechapwa na Mngoni. Mama aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akasema vizuri, hizo kadi ndizo zitakazotupa jibu.

Tuliiweka mashine chumba cha mbele. Baba alimwaga zege sakafuni, akaacha bolti ndefu za kufungia miguu ya mashine zimesimama. Kwenye kusimika mashine ya namna ile, kila kitu ni usawa. Ikiinama hata kidogo, upande mmoja wa karatasi unakandamizwa mpaka unatoboka na upande wa pili unabaki mweupe. Pima maji hatukuwa nayo. Baba alijaza maji kwenye chupa ya soda akabakiza povu dogo, akaziba, akailaza juu ya chuma, na mimi nikawa napiga magoti kuingiza vijiti vya mninga chini ya miguu mpaka lile povu likae katikati. Likikaa kwa urefu, linakimbia kwa upana. Nilisema maneno siku hiyo ambayo sikujua kama baba anajua kwamba ninayajua.

Kisha tukaisugua yote kwa mafuta ya taa. Nilinuka mafuta ya taa kiasi kwamba kijana mmoja wa jirani aliyekuwa ameanza kunitazama kwa wema aliacha kunitazama. Sikumlaumu.

Rola ndizo zilizotutoa jasho. Rola za mashine za kizamani hazikuwa za mpira. Zilitengenezwa kwa gundi ya ngozi na molasi, ile asali nyeusi inayobaki miwa ikishatoa sukari, vikapikwa pamoja na kumiminwa kuzunguka fimbo ya chuma. Zinakuwa laini, zinanata kidogo, zinabeba wino vizuri. Zina kasoro moja: panya wanazipenda kupita kiasi. Mashine ilipokuwa ghalani walikuwa wamezila zote wakabakiza fimbo tupu.

Baba alijua kuzipika upya. Lakini gundi madukani ilikuwa ile nyeupe mpya kutoka nje, imejaa kila rafu, na haifai kitu kwa rola. Ya ngozi, ile ya vipande vigumu vya kahawia, ilikuwa imetoweka. Baada ya kuzunguka sana, baba alipata vipande vya mwisho kwa seremala mmoja mzee aliyekuwa amevifungia sandukuni tangu ujana wake. Mimi nikatumwa Ruaha kwenye miwa kufuata molasi.

Safari hiyo niliipenda. Nilipata lifti ya lori la mpunga mpaka Mikumi, na njiani dereva alisimama kwa sababu tembo walikuwa barabarani. Akazima injini, akatoa karanga, tukala mpaka wenyewe walipoamua kuondoka. Mikumi kando ya barabara kuu kulikuwa na gesti mpya zinapakwa rangi, na nilihesabu moyoni kila moja kama kitabu cha risiti. Ruaha ilinuka miwa iliyochomwa. Mkulima mmoja aliyekuwa akiwapa ng'ombe wake molasi alinijazia dumu, akaniuliza sisi ng'ombe wetu wangapi. Nilipomwambia ni ya mashine, aliniangalia, akanishauri nisiizoeshe mashine tabia mbaya.

Tulipika uani, sufuria ndani ya sufuria, tukikoroga polepole. Mchanganyiko ukawa mweusi, mzito, unang'aa, na harufu yake ilikuwa tamu mpaka majirani waliuliza kuna sherehe gani. Unapaswa kupoa na kutulia kwanza ili mapovu yatoke, halafu kesho yake unauyeyusha tena na kuumimina. Baba akaumwaga kwenye beseni, akaliweka barazani kivulini, akalifunika ungo. Mimi na yeye tukarudi nyuma ya nyumba kusugua bomba la maji lililopasuliwa kwa urefu, ambalo ndilo lingekuwa kalibu ya kumiminia rola.

Tuliporudi, ungo ulikuwa chini na beseni halipo. Mama alikuwa ameketi pale pale barazani anachagua maharage. Baba akamuuliza.

"Mtani wako kapita," mama akasema. "Kasema anachukua chakula cha mateka wake."

"Ukamwacha?"

"Mtani akichukua, nani amkataze?"

Akayarudia maharage yake. Kisheria alikuwa sahihi, mtani hazuiwi. Lakini angeweza kusema neno moja tu, kwamba kile siyo chakula, na hakulisema. Nilimtazama, naye akajua kwamba ninajua. Hasira ilinipanda, nikaenda kando ya nyumba nikalipiga teke dumu la molasi, ambalo lilikuwa bado na nusu yake, na kidole changu cha mguu kikavimba kwa wiki nzima. Niliporudi nikichechemea, baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mikono magotini, anatazama barabara. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Gundi ile haikuwepo tena Kilosa nzima, masika yalikuwa karibu, na baba yangu alikuwa amerudi kwenye benchi.

Sijui alikaa hapo muda gani. Mwishowe alisema, kama anayejisemea, kwamba mtani leo ana wageni. Upande wa bwana harusi ulikuwa umekuja kumalizia maneno ya mahari, na kwa vyovyote amewachinjia ng'ombe. Akasimama.

"Chukua gunia," akaniambia.

Tulikwenda kwa baiskeli yake, mimi nyuma na kidole changu. Tulipofika, wageni walikuwa wameketi kwa heshima kubwa, na katikati yao lilikuwa beseni letu. Mtani alikuwa amewakatia kila mmoja kipande kwa kisu, akawaambia ni halua ya Wangoni. Walikuwa wanatafuna. Walikuwa wanatafuna kwa muda mrefu sasa, ilionekana, maana nyuso zao zilikuwa zimechoka. Mshenga, mtu aliyesifika kwa kusema, alikuwa amefumba mdomo na taya zinakwenda taratibu, na macho yake yalikuwa yanaomba msaada.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali nimeyapanga njia nzima. Lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, baba," nikamwambia mtani.

"Marahaba, mateka mdogo," akajibu. Akamwambia baba kwamba halua yake ni ngumu ila ina faida, kwani tangu aigawe hakuna mgeni aliyeweza kufungua kinywa kuomba ng'ombe wapunguzwe.

 Baba alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, ambako ng'ombe alikuwa ameshachunwa, akaokota miguu yote minne, akaitia kwenye gunia nililoshika. Akaongeza vipande vya ngozi ya kichwa na masikio. Akina mama waliokuwa wanapika wakapiga kelele kwamba makongoro ni ya supu ya wageni asubuhi. Baba akawaambia kwa upole kwamba mtani ameshachukua. Wakamtazama mwenye nyumba, na mwenye nyumba akakunja mikono, hana la kufanya. Ruhusa ile ile aliyoitumia kwetu ndiyo iliyokuwa inaondoka na miguu ya ng'ombe wake.

Ndipo baba akamweleza beseni lile lilikuwa la nini. Mtani aliligeukia beseni. Kilichobaki ndani kilikuwa na alama za meno. Akamtazama mshenga, ambaye bado alikuwa anatafuna.

"Kwa hiyo nimekula kadi za mwanangu," akasema.

"Umezila," baba akasema, "na wakwe zako wamekusaidia."

Mtani alicheka mpaka akakaa chini. Mshenga naye akajaribu kucheka, akashindwa kwa sababu zinazoeleweka. Tulipoondoka, tulilichukua na beseni letu.

Gundi ya ngozi, baba alieleza njiani, siyo kitu cha ajabu. Ni kile kinachobaki ukichemsha miguu na ngozi ya ng'ombe kwa muda mrefu mno, supu iliyosahaulika jikoni. Alikuwa ameona ikifanywa, hajawahi kuifanya. Kesho yake nikawasha moto, nikaazima sufuria kubwa ya mama ya shughuli bila kuomba, nikaanza kuchemsha. Harufu ilienda mtaa mzima. Majirani wakaanza kuja na bakuli, wengine na ndimu na pilipili kabisa, na mimi nikawa nawafukuza kwa mwiko, nikiwaambia hii ni mashine, siyo supu. Hakuna aliyeniamini. Bibi mmoja alikwenda akitangaza kwamba siku hizi tumekuwa wachoyo kwa sababu ya biashara.

Tatizo lilikuwa mafuta. Baba alisema mafuta yakibaki, rola haishiki wino. Nilikuwa nayaengua kwa kijiko, mafuta yanarudi, nayaengua, yanarudi. Siku ya pili nilikwenda kuchukua kuni, na niliporudi nilimkuta mama ameinama juu ya sufuria na upawa wake. Alikuwa ametoa moto kiasi, ameacha supu itulie, na alikuwa anakusanya mafuta ukingoni bila kugusa kilicho chini. Hakugeuka.

"Mnapika kama watu wasio na mama," akasema.

 Nilikaa karibu yake nikachochea nilipoambiwa nichochee. Alichuja kwa kitambaa safi, akarudisha motoni, akachuja tena, na kufikia jioni kulikuwa na kitu cha kahawia kinachonata chini ya sufuria, kisafi, bila hata jicho moja la mafuta. Nafikiri ni kwamba mama hakuweza kuvumilia kuona makongoro yanaharibiwa mbele yake. Kama kulikuwa na sababu nyingine, hakuisema, nami nilifurahi tu kuwa naye kwenye moto ule.

Tulichanganya na molasi iliyobaki, na safari hii baba alililinda beseni kwa kulala kwenye mkeka pembeni yake. Tukayeyusha, tukapaka kalibu mafuta ya kupikia, tukasimamisha fimbo ya chuma katikati, tukamimina. Tulipofungua lile bomba, rola ilitoka nzima, ya kahawia, inang'aa, inatetemeka kidogo. Baba aliibonyeza kwa dole gumba, alama ikaingia, kisha ikajaa yenyewe. Akamsogezea mama, naye akabonyeza.

"Imeiva," mama akasema, akaenda zake.

Kupanga maneno ya kadi kulitaka subira, kwa sababu mtani alitaka sifa za ukoo wake na za ng'ombe wake ziingie, na herufi zetu zilikuwa zimenunuliwa na wazungu wa shamba kwa ajili ya maneno yao. Herufi ya a ilikuwa inatuishia kabla hatujafika kwenye jina la kanisa. Baba alipunguza ng'ombe mpaka akabaki bibi harusi. Kisha akafunga fremu, akaipiga kwa nyundo ya mbao ili herufi zote zilale sawa, akapaka wino, akakanyaga pedeli.

Karatasi ya kwanza ilitoka nusu nyeusi, nusu kivuli. Upande wa kushoto herufi zilikuwa zimegusa tu, kama zinaogopa.  Baba hakushtuka, alichukua karatasi nyembamba kutoka kwenye pakiti ya sigara, akaipasua vipande, akabandika kwenye bamba, nyuma ya karatasi, mahali pale tu palipofifia. Akachapa tena, akaongeza kipande, akachapa.  Halafu ikatoka moja ambayo kila mstari ulikuwa umekaa, mweusi ulioiva, na ukipitisha kidole nyuma ya kadi unahisi maneno yamejiinua. Baba aliitazama mbali, akaitazama karibu, akaniwekea mkononi. Aliendelea kukanyaga, na mlio wa mashine ile ukajaa nyumba, na mimi nikapokea kadi moja moja nikizianika kwenye kamba ya nguo, nimesimama natabasamu peke yangu kama mpumbavu.

Mtani alipokuja kuzichukua alitafuta kosa kwa bidii, kama ilivyompasa. Alikosa. Akasema mistari imenyooka kuliko Mngoni aliyeipanga. Kwenye harusi alisimama na kadi mkononi, akawasimulia wageni wote habari ya halua, na mshenga akaombwa asimame ili aonekane. Ukumbi ulikuwa turubai na viti vya kuazima, lakini kicheko kile kingetosha jengo la mawe.

Baba akazichukua kadi zilizobaki akaenda nazo Mikumi, kwenye zile gesti mpya, kuzionyesha kama mfano. Alivaa ovaroli lililofuliwa. Aliondoka asubuhi bila kukaa kwenye benchi.

Siku hiyo hiyo, mchana, lori la chuma chakavu likasimama mlangoni.

Mama alikuwa amemtumia ujumbe yule mnunuzi kabla ya haya yote. Hakuwa ametuma mwingine wa kumzuia. Sijui alisahau au hakutaka; sijawahi kumuuliza, na sasa siulizi. Mnunuzi alishuka na wapagazi wake, akaingia chumba cha mbele kwa furaha ya mtu aliyeona uzito, na mmoja akapiga magoti akaanza kufungua nati za miguu. Mimi nilisimama katikati yao na mashine. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, uso wake umefungika, na nilimjua: ahadi ya mabati ilikuwa ya miaka, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima.

Kwa bahati mtani alikuwa kwetu, ameleta nyama ya harusi iliyobaki. Aliweka sahani chini, akaja taratibu, akaegemea lile gurudumu kubwa kwa bega lake lote.

"Chukueni mashine," akawaambia. "Lakini miguu ya ng'ombe wangu imo humo ndani. Hiyo naomba muiache."

Mnunuzi hakuelewa. Alimtazama mzee, akaitazama mashine, akamgeukia mama kuuliza kama huyu mzee ni mzima.  Mama alimtazama mtani, mtani akamtazama bila kucheka hata kidogo, na kitu kwenye uso wa mama kikaanza kulegea, kwanza mdomoni, halafu machoni. Tangu shamba lifungwe sikuwa nimemwona mama akicheka. Alicheka akashika tumbo.

"Umesikia mwenyewe," akamwambia mnunuzi. "Ina mwenye nayo."

Akampa sufuria iliyotoboka na jembe lililoisha, ili safari yake isiwe bure kabisa. Mpagazi akazirudisha nati. Nilizikagua zote baada ya lori kuondoka, nikazikaza moja moja.

Mvua ilianza alasiri. Haikuwa ya kunyunyiza. Ilikuja na upepo, ikapiga madebe ya paa mpaka hatukuweza kusikilizana. Nilikimbia chumba cha mbele na nikaona tone la kwanza likianguka juu ya sahani ya wino, kisha la pili juu ya rola. Gundi na maji, kila mtu anajua. Nilikuwa nimeikumbatia rola nikitafuta pa kuificha, ndipo mama akatokea kutoka chumbani kwake, amebeba lile turubai kuukuu.

 Alinirushia ncha moja, tukalitandaza juu ya mashine yote, kuanzia gurudumu mpaka pedeli, naye akaizunguka akichomeka pembe chini ya chuma kama anavyochomeka chandarua. Turubai halikuwa kubwa. Lilitosha kitu kimoja tu. Alipomaliza akarudi jikoni kuangalia wali.

Baba aliingia giza halijashika, amelowa kabisa, na karatasi za kazi alizopewa Mikumi amezificha ndani ya ovaroli kifuani. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mbele, akainua pembe ya turubai, akagusa chuma, kikavu. Kisha akaingia chumbani kubadilisha nguo, na sikumsikia tena. Nilipochungulia alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka mpaka sakafuni, anatazama godoro la mama lililolowa na matone yanayoendelea kudondoka juu yake.

Mama alimwita kutoka jikoni, akamwambia avue viatu, chakula kinapoa.